Shajara ya mradi: kuotesha mkojo na kupima dawa, wiki ya 1 mpaka ya 11

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumeanza rasmi. Maabara yetu ni ya hospitali ya mji mdogo wa pwani, tuko watu watano, na miaka yote mkojo ukifika hapa tulikuwa tunafanya mambo mawili tu, tunachovya kijiti kinachobadilika rangi afu tunaweka tone chini ya hadubini tunahesabu chembe za usaha, jibu linarudi "UTI" na mgonjwa anaondoka na dawa. Hamna aliyekuwa anaotesha, yani kupanda mkojo kwenye pleti yenye chakula cha bakteria ili waliomo wakue waonekane. Sasa hivi mjini kila mtu wa pili anakwambia ana UTI sugu, ukimuuliza ulipima wapi huo usugu anakujibu nilichoma Powercef (sindano ya seftriaksoni) siku tano, nikameza Azuma, ikaondoka ikarudi. Yani neno "sugu" amelipata dukani wakati ananunua dozi ya tatu, na hakuna pleti hata moja iliyowahi kusema hivo.

Mradi wenyewe ni huu: kila mkojo ambao daktari ameuombea kuoteshwa tuuoteshe, kimelea akiota tumjue kwa jina, afu tumpime kwa dawa nane kwa njia ya diski, ile ya Bauer na Kirby na wenzao ya mwaka 1966. Nimeichagua kwa sababu haitaki mashine, unataka agari ya Mueller-Hinton (jeli ya kuoteshea bakteria), diski za karatasi zenye dawa, inkubeta (kabati la joto) ya nyuzi 35 na rula yenye milimita zinazosomeka. Hela yake tunaiweza.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika kwa wino mwekundu: JIBU HALITOKI MPAKA KIMELEA CHA KUPIMIA UBORA KISOME SAWA. Mkubwa mmoja alipouona akauliza kwanini tumalize pleti kwa bakteria ambaye hana mgonjwa. Nikamwambia fundi cherehani akiwa na futi iliyovutika atakukatia suruali fupi kila siku na yeye mwenyewe hatajua, mpaka siku apime kitu ambacho urefu wake unajulikana. Akakubali tupewe pleti kumi kwa wiki za kazi hiyo. Nashukuru sana kwa hizo kumi.

Wiki ya 2

Wiki nzima imeishia kwenye agari.

Tulipika, tukatia kwenye otoklevu kuua vijidudu kwa mvuke, tukamimina, zikaganda vizuri tu, nzuri kwa macho. Tukapanda bakteria E. coli namba 25922, huyu ni wa kupimia ubora, tabia zake zinajulikana dunia nzima. Jentamaisini inatakiwa ikupe duara tupu kuzunguka diski, pale bakteria waliposhindwa kuota, la milimita 19 mpaka 26, seftriaksoni 29 mpaka 35. Asubuhi nasoma, jentamaisini 28, seftriaksoni 37. Nikarudia, vilevile. Mwenzangu akasema si ndo vizuri, dawa zina nguvu. Hapana aisee, duara likiwa kubwa kuliko linavyotakiwa maana yake mgonjwa mwenye bakteria sugu tutamwambia dawa inafanya kazi, na hilo ndo kosa baya kuliko yote kwenye kazi hii.

Tukatafuta sana. Diski mpya, bakteria mpya, inkubeta iko 35. Mwisho nikachukua pleti moja nikachomeka kijiti cha meno kwenye agari mpaka chini, nikatoa nikapima sehemu iliyolowa: milimita mbili na nusu. Inatakiwa ziwe nne. Kumbe tulikuwa tunabana matumizi, tunamimina kama mililita 16 kwenye pleti ya sentimita 9 wakati inataka 25. Agari ikiwa nyembamba dawa haina pa kushuka, inatambaa pembeni, duara linatanuka.

Tukaongeza, lakini duara likawa limekaa upande, nono huku jembamba kule. Meza yetu imelalia dirishani. Nikaenda kwa mafundi wanaojenga ukuta wa wodi mpya nikaazima pimamaji, tukaweka vipande vya karatasi ngumu chini ya miguu miwili ya meza mpaka kile kipovu kikakaa katikati. Jentamaisini 22. Seftriaksoni 32. Nilimpigia mke wangu simu kumwambia namba hizo, naye akafurahi ingawa hajui ni za nini.

Wiki ya 3

Tumeanza kupokea mikojo, na siku tatu za kwanza karibu kila pleti imeota bakteria wa aina tatu nne kwa pamoja, hiyo ni ngozi na vya njiani huko, haina maana ya kumpima dawa mtu yeyote pale. Tatizo liko kwenye kikopo. Tulikuwa tunawapa watu kikopo tunawaambia "leta mkojo", basi.

Kwahiyo nimehamia dirishani mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ukifika chooni jisafishe kwanza kwa maji, afu anza kukojoa, ule wa mwanzo uache uende zake, wa katikati ndo ukinge, wa mwisho nao uache. Ndani ya kikopo usiguse kwa kidole."

"Kwanini wa mwanzo usifae?"

"Huo unafagia njia mama. Unabeba vya mlangoni. Mimi nataka vya ndani."

Akacheka akasema miaka yote hii hakuna aliyemwambia. Wa kwake ukaota aina moja tu, safi kabisa. Baada ya hapo nimemfundisha yule dada wa dirishani aseme hivohivo, kwa maneno hayohayo ya kufagia njia, yanaeleweka haraka.

Jambo la pili ni muda. Mkojo unatakiwa upandwe ndani ya saa mbili, ikishindikana uwekwe kwenye friji na usizidi saa 24. Huku kwetu pwani saa nane mchana ndani ya chumba joto linafika 31, na E. coli akipata joto na chakula anaweza kugawanyika kila dakika 20, mmoja aliyeingia kwa bahati mbaya baada ya saa mbili ni 64. Sisi tunahesabu kwa lupu (kitanzi cha waya) ya maikrolita moja, koloni moja, yani kidoa kimoja cha bakteria walioota kwenye pleti, ni bakteria 1,000 kwa mililita, koloni 100 ni 100,000 na hapo ndo tunaanza kusema hii ni UTI kweli. Ukiuacha mkojo juani unatengeneza ugonjwa mwenyewe kwenye kikopo. Kila kikopo sasa kinaandikwa saa uliyokojolewa, bila saa haupokelewi, na manesi wamenielewa baada ya kuwaonyesha pleti mbili za mkojo mmoja, uliopandwa saa tatu asubuhi na uleule uliosahaulika mezani mpaka saa tisa.

Wiki ya 5

Kumtambua kimelea. Tunapanda kwenye agari ya CLED, wanaokula sukari ya laktosi wanageuza pleti kuwa njano, na uzuri wake mwingine bakteria anayeitwa Proteus hatambai pale, kwenye agari nyingine anafunika pleti nzima kama ukungu. Afu vipimo vya kumtofautisha na wenzake: rangi ya Gram, oksidesi, halafu vile vichupa vya sukari, indoli, sitreti, yurea.

Jumatano kijana wetu wa mafunzo kaniletea jibu limeandikwa vizuri, Klebsiella, ampisilini milimita 19, inafanya kazi. Nikamwambia kaa hapa tuangalie wote. Klebsiella kwa asili yake haguswi na ampisilini, amezaliwa nayo hiyo kinga, kwahiyo ukiona ampisilini inamuua basi moja kati ya mambo mawili ni uongo, jina au duara. Duara tulilipima tena, 19. Basi jina.

Nikamwonyesha koloni. Klebsiella mara nyingi ni mnene, ukimgusa na lupu unamvuta anakuja kama mlenda. Huyu alikuwa mkavu, bapa, anakatika. Tukaangalia dawa ya indoli, inatakiwa iwe njano iliyopauka, yetu ilikuwa imeshakuwa kahawia kama chai ya rangi, imezeeka. Na sitreti aliipanda na donge zima la bakteria, ukiweka donge inabadilika rangi hata kama haikustahili. Tukafungua chupa mpya ya indoli, tukapanda sitreti kwa kugusa kidogo tu na sindano. Kesho yake pete nyekundu imekaa juu ya kichupa, sitreti imebaki kijani. Ni E. coli.

Kijana alikuwa amenyong'onyea. Nikamwambia hapana, wewe umefanya kazi kubwa, duara lako la 19 ndo limetuokoa, ungekuwa umelisogeza lifanane na jina tusingejua kitu. Tangu siku hiyo tumebandika karatasi ukutani: Klebsiella na ampisilini haiwezekani, Proteus na nitrofurantoini haiwezekani. Jibu likigongana na karatasi ile linarudi mezani.

Wiki ya 6

Kuna chati ya ukutani yenye mipaka ya milimita, ina plastiki juu, tumeikuta, kila mtu anaisomea hapo. E. coli wa Alhamisi alitoa siprofloksasini milimita 23. Chati inasema 21 na kuendelea inafanya kazi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika "inafanya kazi" afu nikakumbuka kufungua mwongozo mpya kwenye simu, CLSI, taasisi ya Marekani inayopanga mipaka hii, walibadilisha mwaka 2019, kwa familia ya E. coli sasa siprofloksasini inafanya kazi kuanzia 26, 22 mpaka 25 ni katikati, 21 kushuka ni sugu. Mtu wa 23 kwa chati ni mzima, kwa mwongozo ni wa kumwangalia kwa makini. Bakteria wa namna hii mara nyingi ameshapiga hatua ya kwanza kuelekea usugu, dawa bado inamsukuma lakini si kama zamani.

Nimeibandua ile chati. Jentamaisini nayo ilibadilishwa 2023, zamani 15 ilikuwa inatosha, sasa ni 18. Nimechapa mipya, nimeandika mwaka juu kwa herufi kubwa, na kila mwanzo wa mwaka itabanduliwa hata kama hakuna kilichobadilika. Siprofloksasini zote tulizotoa kuanzia wiki ya 3 nimezirudia kwenye daftari, tulikuwa tumeandika milimita zenyewe na si "inafanya kazi" au "sugu" tu, ndo maana imewezekana. Mbili zilibadilika, madaktari wao nimewafuata kwa mguu.

Jumamosi usiku umeme umekatika, umerudi Jumatatu asubuhi. Jenereta inalisha chumba cha upasuaji na wodi, maabara haimo. Friza ya diski imeyeyuka. Jumanne tumepima zote na 25922, zote zimesoma ndani ya mipaka, amoksiklavu 19 na inatakiwa 18 mpaka 24. Tumeendelea.

Wiki ya 8

Hii nataka niiandike polepole.

Jumatatu tumeletewa kutoka maabara ya kanda kimelea kingine cha kupimia ubora, E. coli namba 35218. Huyu tofauti yake na 25922 ni kwamba anatengeneza kimeng'enya kinachokata ampisilini na amoksilini. Nikampanda pamoja na diski zetu zote. Asubuhi ampisilini milimita 6, yani upana wa diski tupu, bakteria wamekuja mpaka ukingoni, na hivo ndo inavyotakiwa, inaonyesha kinga yake bado anayo. Amoksiklavu inatakiwa 17 mpaka 22. Imesoma 11.

Nikakaa kwenye kiti.

Amoksiklavu ni vitu viwili kwenye diski moja. Amoksilini ndo inaua, klavulaneti kazi yake ni kukizuia kile kimeng'enya kisiikate amoksilini. Klavulaneti ni laini sana, joto na unyevu vinaiua mapema kabla ya mwenzake. Zile siku zilizopita bila umeme klavulaneti ilikufa, amoksilini ikabaki. 25922 hana kimeng'enya, kwahiyo yeye amoksilini peke yake inamtosha, akatupa 19 nzuri, akatuambia hamna shida. Hakuwa na uwezo wa kuona. Mwenye uwezo wa kuona alikuwa hajafika.

Nikaazima kopo jipya la diski hospitali ya jirani, nikaliacha lifikie joto la chumba saa nzima kabla ya kulifungua, maana ukifungua la baridi jasho la hewa linaingia ndani na ndo yaleyale. 35218 na diski mpya: 20.

Basi ikabaki daftari. Tangu umeme urudi tulikuwa tumetoa majibu manne ya amoksiklavu yanayosema sugu. Vimelea vyenyewe tulikuwa tumevihifadhi kwenye vichupa. Nikavipanda vyote vinne na diski mpya. Vitatu vimesoma 18 na zaidi, dawa inafanya kazi. Kimoja tu ndo sugu kweli.

Wawili walishapona na kuondoka kwa nitrofurantoini. Wa tatu alikuwa mama mjamzito, wodini, siku ya tano, anachomwa seftriaksoni kwa sababu sisi tuliandika vidonge havifai, na siprofloksasini kwa mimba yake daktari hakutaka. Nikaenda kwa matroni kwanza, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Akasema twende wote.

Nikamwambia yule mama samahani, jibu lako la maabara lilikuwa na kosa na kosa ni letu. Ulikuwa unaweza kumeza vidonge ukiwa nyumbani. Akaniangalia, akauliza mtoto yuko salama? Daktari akamwambia yuko salama, sindano nazo zimefanya kazi. Akasema basi, ila nina wengine wawili nyumbani wako kwa jirani siku tano hizi. Hakugomba. Nilipotoka nilisimama kwenye korido muda kidogo.

Tangu leo 35218 anapandwa kila wiki na kila umeme ukikatika. Diski ziko kwenye makopo yenye vijiwe vya kunyonya unyevu, na nimeomba kwa barua friza yetu iunganishwe kwenye jenereta, sentensi moja tu, pamoja na namba mbili: 11 na 20.

Wiki ya 9

Barua imejibiwa, fundi umeme amevuta waya.

Nimepata kitu ambacho nimekisoma miaka mingi sijawahi kukiona kwa macho. Mkojo wa mzee mwenye mpira wa mkojo, Klebsiella wa mlenda haswa. Nikaweka amoksiklavu katikati, seftazidimu kushoto na sefotaksimu kulia, kutoka kitovu mpaka kitovu milimita 20. Asubuhi duara la sefotaksimu upande wa nje ni dogo sana, lakini upande unaotazama amoksiklavu limetanuka likaenda kukutana nalo, umbo lake kama tundu la ufunguo. Maana yake bakteria huyu anatengeneza kimeng'enya kinachokata hata sindano hizi za familia ya seftriaksoni, na pale klavulaneti ilipofika kimezuiwa. Nikathibitisha kwa diski zenye klavulaneti na zisizo nayo, tofauti ikazidi milimita 5. Wote tumeitwa kuangalia, mpaka dada wa usafi ameangalia.

Daktari nimempigia palepale, sikusubiri karatasi. Mzee alikuwa siku ya tatu ya Powercef. Wamebadilisha dawa, na mpira wa mkojo umetolewa.

Na pleti ile isingewezekana na diski zile zilizoyeyuka, lile tundu la ufunguo linachorwa na klavulaneti.

Wiki ya 10

Fupi. Tunajiandaa na usaha wa vidonda, inatakiwa agari ya damu. Mtu ameshauri tutumie chupa za damu zilizopita muda kutoka benki ya damu. Nimekataa, zina dawa ya kuzuia kuganda na huenda zina kingamwili au hata dawa alizomeza mtu, bakteria wengine hawataota na wengine hawataonyesha jinsi wanavyovunja damu, na zikiwa na maambukizi wanaomimina ni sisi kwa mikono yetu. Tunataka damu ya kondoo. Mzee mmoja wa jirani ana kundi, tumezungumza, daktari wa mifugo atakuja kuwaangalia kabla.

Wiki ya 11, Ijumaa

Majibu yote nimeyaingiza kwenye WHONET, ni programu ya bure na inakubali milimita zenyewe, nimeingiza kimelea cha kwanza tu cha kila mgonjwa ili mtu aliyerudi mara tano asihesabiwe watu watano. Madaktari wanataka jedwali la asilimia, dawa ipi inafaa kuanza nayo. Nawaelewa kabisa, wao wako na mgonjwa saa nane usiku na pleti inataka siku mbili. Lakini mwongozo unataka angalau vimelea 30 vya aina moja ndo uandike asilimia. E. coli ndo kwanza tumevuka 30, Klebsiella tunao 11. Nitawapa jedwali la E. coli peke yake, Klebsiella nitaacha nafasi wazi na kuandika "bado", na mikojo yetu ni ya waliofika hospitali, wengi wameshapita dukani, hilo nalo nitaliandika juu ya jedwali kabla ya namba yoyote.

35218 wa wiki hii, amoksiklavu 19. 25922 yote sawa.

Yule mama mjamzito amekuja jana kliniki, kapita dirishani kwetu na kikopo kimeandikwa saa, saa mbili na robo, wa katikati. Kasema hakutumwa na mtu, ameona alete tu tuangalie kama kweli vimeisha. Nimemwomba daktari wake ajaze fomu, akajaza. Nimeupanda mwenyewe. Leo ni saa 24, pleti iko tupu. Naiacha mpaka kesho.